Andika Ulichokiona: Ushauri kwa Mtafiti Chipukizi

Mwaka 1969 jarida la Physics Education la Uingereza lilichapisha makala fupi yenye kichwa cha neno moja na alama ya kuuliza: "Cool?" Waandishi walikuwa wawili. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, Moshi. Denis Osborne alikuwa mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Jina la kijana ndilo lililotangulia. Makala hiyo inatajwa mpaka leo, na jambo inalolieleza, kwamba maji ya moto yanaweza kuganda kabla ya maji yaliyopoa, linaitwa duniani kote kwa jina la Mpemba.

Kila mtafiti chipukizi anayeniletea rasimu yake namwomba kwanza aitafute makala hiyo aisome, hata kama taaluma yake ni sheria, fasihi au kilimo. Simpeleki huko kwa ajili ya umaarufu wake. Nampeleka kwa sababu Mpemba anaeleza alichofanya, alichokiona na alichouliza, kwa mfuatano, kwa maneno ambayo mwanafunzi wa sekondari anayafuata bila shida. Kisha Osborne anaeleza jinsi alivyolipima jambo hilo. Ukifika mwisho unajua kinachodaiwa na ushahidi wake ni upi. Rasimu nyingi zinazopita mezani kwangu zina lugha nzito kuliko ile, lakini nikizimaliza siwezi kusema mwandishi amegundua nini. Tatizo letu kubwa liko hapo, wala haliko kwenye sarufi.

Kwa hiyo, kabla hujafungua faili la makala, andika sentensi moja inayotaja ulichogundua. Chukua mfano wa kubuni. Mtafiti amekaa Paje, Unguja, akiwafuatilia wanawake wanaolima mwani. Ukimuuliza makala yake inasema nini, anajibu kwamba inahusu changamoto zinazowakabili wakulima wa mwani. Hiyo ni mada, na mada haina cha kukubaliwa wala kukataliwa. Sasa tuseme anajibu hivi: wakulima waliohamishia mwani wao kwenye kina kirefu walipata hasara ndogo zaidi msimu wa joto, lakini wengi wao waliacha kwa sababu hawana vyombo vya kufika huko na hawajui kuogelea. Hili ni dai. Msomaji anaweza kuuliza: wangapi? Ulijuaje? Je, hawakuacha kwa sababu ya bei? Kila swali kati ya hayo linakuonesha sehemu ya makala inayopaswa kuandikwa, na kila ukurasa usiojibu swali lolote kati ya hayo una haki ndogo sana ya kubaki.

Neno "changamoto" limetuharibia vichwa vingi vya makala Afrika Mashariki. Linaturuhusu kukusanya kila kilichosemwa na wahojiwa, tukakipanga kwa nukta, tukamaliza bila kuamua lolote. Kuamua ndiyo kazi yenyewe. Ukiona sentensi yako ya dai inakataa kuandikika, usiilaumu lugha. Rudi kwenye data. Pengine uchambuzi haujakamilika, na ni heri kulijua hilo sasa kuliko kuambiwa na mhakiki baada ya miezi sita.

Tazama jinsi swali la Mpemba lilivyokuwa. Mwaka 1963, akiwa Shule ya Sekondari Magamba, yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyachanganya na sukari na kuyaacha yapoe kabla ya kuyaweka kwenye friji. Nafasi ilikuwa finyu, naye akauweka mchanganyiko wake ungali wa moto ili asiikose. Baadaye akakuta wake umeganda, ilhali wa mwenzake aliyeweka maziwa yasiyochemshwa ulikuwa bado. Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Angeweza kubaki na malalamiko ya jumla kwamba friji hufanya mambo ya ajabu. Lakini Osborne alipokwenda kuzungumza na wanafunzi wa Mkwawa, Iringa, ambako Mpemba alikuwa amehamia, kijana alimuuliza kuhusu vyombo viwili vyenye maji ya ujazo sawa, kimoja kikiwa na nyuzi 35 za Selsiasi na kingine 100, vikiwekwa pamoja kwenye friji: kwa nini kile cha nyuzi 100 ndicho kinachotangulia kuganda? Wenzake walicheka. Osborne hakucheka, kwa sababu swali lilikuwa limeshajibeba lenyewe: ujazo sawa, nyuzi zimetajwa, mahali pamoja, tukio linalopimika. Aliporudi Dar es Salaam aliweza kumwagiza fundi wa maabara alijaribu. Swali lako likifikia hatua ya mtu mwingine kuweza kulichukua na kwenda kulijaribu bila wewe kuwapo, nusu ya uandishi imekwisha.

Wengi wetu tunaandika kwa Kiingereza tulichoanza kukisoma kwa uzito tukiwa sekondari, baada ya miaka saba ya msingi kwa Kiswahili. Mzigo huu ni wa kweli na sitaki mtu aufanye mdogo. Dawa yake, kwa maoni yangu, haianzi kwenye kamusi. Chukua dai lako na hoja zake, umweleze kwa Kiswahili mtu mwenye akili timamu asiye wa fani yako: dada yako, jirani, mwenzako wa idara nyingine. Mweleze kwa mdomo. Akikukatiza na kusema "hapo sijakuelewa", weka alama hapo. Sehemu hiyohiyo ndiyo itakayokuwa na Kiingereza kibovu kwenye rasimu, kwa sababu ubovu umetoka kwenye wazo, lugha imeupokea tu. Ukiweza kuieleza hoja nzima kwa dakika tano bila kusita, iandike upesi, kwa lugha yoyote itakayokuja kwanza, na uisafishe baadaye. Sentensi fupi za Kiingereza sahihi zinampendeza mhariri kuliko sentensi ndefu zilizopambwa. Na kama fani yako inaruhusu, andika moja kwa moja kwa Kiswahili. Majarida kama Kiswahili, Mulika na Kioo cha Lugha yamekuwa yakipokea kazi za kitaaluma kwa lugha hii kwa miaka mingi, na anayejifunza kujenga hoja huko huhama na ujuzi huo kwenda lugha yoyote.

Sasa utangulizi. John Swales, mwanaisimu aliyechunguza maandishi ya watafiti, alionesha katika kitabu chake cha 1990 kwamba tangulizi za makala nyingi hupita hatua tatu. Mwandishi anaonesha eneo ambalo watu wanalijali, anaonesha pengo ndani ya eneo hilo, kisha anasema yeye analizibaje. Ni muundo rahisi kuukumbuka na unaokoa kurasa nyingi. Kosa ninalokutana nalo mara kwa mara ni hatua ya kwanza kunenepa mpaka inameza nyingine. Makala kuhusu mwani wa Paje inaanza na historia ya kilimo duniani, inashuka Afrika, inapita sera za taifa, na Paje inatajwa ukurasa wa tano. Msomaji wa jarida la sayansi za bahari anajua tayari kwamba kilimo ni muhimu. Mpeleke kwenye pengo aya ya pili, au ya tatu ukichelewa sana.

Pengo lenyewe linatokana na mapitio ya maandiko, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo vijana wengi wanapopoteza nguvu zao. Tumefundishwa kuandika mapitio kama orodha ya mahudhurio: fulani wa 2008 anasema hivi, fulani wa 2012 anasema vile, fulani wa 2015 naye anaunga mkono. Kila aya ina mtu wake, na wewe mwenyewe humo humo umepotea. Jaribu kuyapanga maandiko kwa jambo ambalo waandishi wanalibishania. Kundi moja linasema hasara ya mwani inatokana na joto la maji, jingine linaitafuta kwenye magonjwa, jingine kwenye bei na mikopo. Wanakubaliana wapi? Nani amepima na nani amekisia? Nini hakijaulizwa na yeyote? Ukiandika hivyo, majina ya waandishi yanaingia kama mashahidi wa hoja unayoiendesha wewe. Kipimo chake ni chepesi: soma sentensi ya kwanza ya kila aya ya mapitio yako. Kama zote zinaanza na jina la mtu na mwaka, irudie sehemu hiyo.

Sehemu ya mbinu inaonekana ya kuchosha na watu huinakili kutoka kwenye pendekezo la utafiti, mara nyingine wakisahau kubadilisha "nitafanya" kuwa "nilifanya". Hiyo ndiyo sehemu inayompa mtu mwingine uwezo wa kukuamini au kukupinga kwa haki. Osborne anaeleza kwamba walitumia sentimita za ujazo 70 za maji katika bika za ujazo wa 100, zikakaa juu ya kipande cha povu la plastiki ndani ya sehemu ya barafu ya friji la kawaida la nyumbani. Friji la nyumbani! Hakulificha wala kuliomba radhi. Alilitaja tu, kwa sababu linahusika na matokeo. Alieleza pia kwamba tabaka la mafuta juu ya maji lilichelewesha kuganda, ishara kwamba bila mafuta hayo joto jingi hupotea kupitia uso wa juu wa maji. Nawe eleza ulivyowapata wahojiwa, nani alikataa, mahojiano yalifanyika kwa lugha gani, nani aliyatafsiri, mume au mjumbe wa nyumba kumi alikuwa amekaa pale au hakuwepo. Mambo haya tunayajua wote tuliokwenda uwandani, lakini kwenye makala tunayafuta na kubakiza maneno "sampuli nasibu" na "hojaji", ambayo hayamwambii mtu chochote. Katika sayansi za afya kuna miongozo ya kukusaidia usisahau jambo: CONSORT kwa majaribio ya tiba, STROBE kwa tafiti za kuchunguza bila kuingilia, PRISMA kwa mapitio ya kimfumo. Ifungue kabla ya kukusanya data. Ukiifungua siku ya kuandika utagundua kuna kitu hukukiuliza, na wahojiwa wameshatawanyika.

Kwenye matokeo nitasema mambo mawili tu. "Wahojiwa wengi" si idadi. Andika 31 kati ya 40. Na "ilibainika kwamba" inaficha nani alibaini na kwa njia gani. Andika ulihesabu nini, ulisikia nini, kutoka kwa nani.

Mjadala ndio unaopima ukomavu. Mtafiti mpya huona aibu kutaja maelezo mengine yanayoweza kuyapindua matokeo yake, akidhani ataonekana dhaifu. Mhakiki atayaona hata hivyo. Ni afadhali uyataje wewe kwanza na useme umeyashughulikiaje. Na pale usipokuwa na jibu, onesha mpaka wa madai yako ulipo. Zaidi ya miaka 50 baada ya "Cool?", wanafizikia bado wanabishana. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha majaribio yao na kusema hawakupata ushahidi wa maana wa athari hiyo ya Mpemba, na wengine wameendelea kuitafuta kwa njia nyingine. Ubishi huo umewezekana kwa sababu mwanafunzi na mwalimu huyo wa chuo kikuu waliandika kwa uwazi kile walichofanya. Kupingwa kwa namna hiyo ni heshima ambayo makala isiyoeleweka haiipati kamwe.

Baada ya rasimu ya kwanza, isome kwa sauti. Kila mahali pumzi inapokuishia, sentensi ni ndefu. Tafuta vitenzi vilivyogeuzwa kuwa majina: "ufanyaji wa tathmini ya utekelezaji wa mradi" ni "kutathmini mradi". Futa "aidha", "vilevile" na "kwa mantiki hiyo" katika aya nzima kisha uone kama hoja imeanguka. Ikianguka, ilikuwa imeshikiliwa na viunganishi peke yake, na kinachokosekana ni sababu. Ikisimama, viache vimefutwa.

Kuhusu kugeuza tasnifu kuwa makala, neno langu ni kwamba usiikate. Ukianza na faili la kurasa 200 ukaanza kufuta, utabaki na tasnifu iliyokonda, yenye sura zote na isiyo na hoja. Fungua ukurasa mtupu, andika dai moja, kisha ichote kutoka kwenye tasnifu data inayolihusu dai hilo peke yake. Mengine yatakuwa makala ya pili na ya tatu. Inauma kuacha sura ya nadharia iliyokugharimu mwaka mzima, lakini wale watahini uliokuwa ukiwathibitishia kwamba umesoma wameshakupa shahada. Msomaji wa jarida anataka matokeo.

Muda nao ni vita. Mhadhiri msaidizi ana vipindi, ana mitihani ya kusahihisha, ana kamati, ana watoto, na umeme unaweza kukatika jioni aliyoitenga kwa kuandika. Anayesubiri likizo ndefu ili aandike kwa utulivu husubiri sana. Nimewaona wanaofanikiwa: wana dakika 40 au 50 asubuhi kabla simu hazijaanza, siku nyingi za juma, na kila wanapoacha huandika mstari unaosema kesho wataanzia wapi. Tafuta wenzako wawili au watatu mkutane mara moja kwa juma, kila mtu alete kurasa mbili tu. Watu huogopa kuonesha rasimu mbichi, na wasimamizi wengine kwa ukali wao wameikuza hofu hiyo. Kikundi kidogo cha wanaoheshimiana huiponya.

Sasa jambo ambalo silizungumzi kwa upole. Kuna desturi imeenea vyuoni ya "kupunguza asilimia": mtu ananakili aya za wengine, anazipitisha kwenye programu ya kukagua ufanano, kisha anabadilisha neno moja moja mpaka tarakimu ishuke. Huo ni wizi wa kitaaluma uleule, umevaa nguo nyingine. Soma chanzo, kifunge, andika ulichokielewa kwa maneno yako, kisha kifungue uhakikishe hukumsingizia mwandishi, na umtaje. Programu za akili mnemba nazo zimeongeza hatari mpya. Zinasaidia kunyoosha Kiingereza, na sioni kosa kuzitumia hivyo pale jarida linaporuhusu nawe ukaeleza umezitumiaje. Lakini zinaweza kukupa marejeleo yenye majina mazuri ya waandishi na majarida, ambayo hayapo popote. Usiweke kwenye orodha yako chanzo ambacho hujakifungua kwa macho yako. Majarida makubwa yamekataa kuitambua programu kuwa mwandishi, kwa sababu mwandishi ni mtu anayeweza kuulizwa na kuwajibika.

Uwajibikaji huo ndio msingi wa kanuni za uandishi wa pamoja zilizotokana na wahariri wa majarida ya tiba waliokutana Vancouver mwaka 1978. Kwa kanuni wanazotumia sasa, anayeandikwa kuwa mwandishi awe amechangia kwa kiasi kikubwa utafiti wenyewe, ameshiriki kuiandika au kuihakiki rasimu, ameridhia toleo la mwisho, na yuko tayari kuwajibika kwa kazi nzima. Mkuu wa idara aliyetoa barua ya ruhusa anastahili shukrani, si jina kwenye orodha. Zungumzeni mpangilio wa majina mapema, kabla data hazijakusanywa, na muuweke kwa maandishi. Najua ugumu wa kijana kumwambia mkubwa wake jambo hili. Mwambie kwa adabu, ana kwa ana, ukimwuliza: "Mwalimu, ningependa tukubaliane mapema nani atafanya nini na majina yatakaaje." Akikasirika kwa swali hilo, umejua jambo muhimu mapema.

Unapochagua jarida, uchague kabla ya kuandika, na usome makala zake tatu za karibuni ili uone urefu, mpangilio na mazungumzo yanayoendelea humo. Barua pepe inayokuita profesa mashuhuri ukiwa bado na shahada ya umahiri, ikikuahidi kuchapishwa ndani ya siku chache kwa malipo, ifute. Kwa majarida ya bara letu, anza na AJOL, hifadhi ya majarida ya Afrika iliyoanzishwa mwaka 1998. Kwa majarida yanayosomwa bila malipo, angalia katika DOAJ. Kampeni ya Think. Check. Submit. ina orodha fupi ya maswali ya kujiuliza kabla ya kutuma. Na kama ada ya uchapishaji inakushinda, waandikie wahariri kabla ya kutuma uulize kuhusu msamaha. Wachapishaji wengi wanao kwa watafiti wa nchi zetu.

Kisha majibu ya wahakiki yatakuja, na mara nyingi yatauma. Yasome mara moja, uyaweke pembeni siku mbili. Ukirudi, tengeneza jedwali la safu tatu: maoni ya mhakiki kama alivyoyaandika, jibu lako, na ukurasa ulipofanya badiliko. Usiruke hata moja, hata lile unaloliona la kijinga, maana mhakiki akikosea kuelewa, mara nyingi sentensi yako ndiyo iliyomwelekeza huko. Unaruhusiwa kukataa pendekezo. Toa sababu na ushahidi, bila hasira na bila kunyenyekea kupita kiasi. Kama makala imekataliwa kabisa, rekebisha yale ambayo wahakiki wote wawili wameyagusa kabla ya kuipeleka jarida jingine, kwa kuwa fani ni ndogo na mhakiki yuleyule anaweza kuipokea tena. Barua ya majibu ikikamilika, mpe mwenzako wa kikundi aisome kabla hujaituma, na mwombe akuoneshe kila mahali ulipojitetea bila kueleza.